Uzoefu wangu na pampu ya bwawa la uani: ya kwanza iliungua, ya pili ina miezi 14

Nimeitumia pampu hii ya kuzamishwa majini kwa miezi 14, usiku na mchana, katika bwawa dogo la samaki lililoko uani kwangu, na nimesubiri muda wote huo kabla ya kutoa maoni kwa sababu watu wengi huzisifu pampu zao katika wiki ya kwanza, wiki ambayo karibu kila pampu hufanya kazi vizuri. Naridhika nayo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kuridhika huko imetokana na makosa niliyoyafanya kwa ile iliyoitangulia, ambayo haikutimiza hata miezi mitano na ambayo, nikisema haki, niliiua kwa mikono yangu mwenyewe.

Bwawa lenyewe lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha wastani wa sentimita 60, kwa hiyo linabeba takriban lita 3,600. Kanuni inayotumiwa sana na wenye mabwawa ya namna hii ni kwamba maji yote yapite kwenye chujio angalau mara moja kila saa mbili, na ikiwa samaki ni wengi au ni wakubwa, mara moja kila saa. Nilihitaji, basi, kati ya lita 1,800 na 3,600 kwa saa. Nilipoiona ile pampu ya kwanza ikiwa na tarakimu 3,000 zilizoandikwa kwa wino mnene kwenye boksi, nililipa nikaondoka nikiamini kwamba hesabu imekwisha.

Haikuwa imekwisha, kwa kuwa tarakimu ile ya mbele hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji hata sentimita moja. Maji yangu yanapanda hadi kwenye maporomoko madogo ya mawe, mita 1.4 juu ya uso wa bwawa, kupitia mpira wa mita 5. Siku moja, kwa kuona mtiririko umekuwa mwembamba kama wa birika, nilichukua ndoo ya lita 20 na saa, nikaikinga pale maji yanapotokea. Ilijaa kwa sekunde 90. Hizo ni lita 800 kwa saa, chini ya theluthi ya nilichodhani nimekinunua. Upande wa nyuma wa boksi, kwa maandishi madogo, kulikuwa na grafu iliyoonyesha jambo hilo hilo kabisa: kadiri kimo kinavyopanda ndivyo lita zinavyopungua, hadi kufikia sifuri kwenye kimo cha mita 2.5. Muuzaji hakunidanganya, mimi ndiye niliyesoma upande mmoja tu.

Kwa anayetaka kuchagua, kimo kinachohesabiwa kinaanzia kwenye uso wa maji hadi pale maji yanapomwagika, si kutoka mahali pampu ilipolala chini, kosa ambalo nimelisikia hata kwa mafundi. Juu ya kimo hicho huongezwa msuguano wa mpira, na kipimo cha haraka kinachotumika ni kuhesabu kila mita 3 za mpira kama sentimita 30 za kupanda, na zaidi ya hapo ikiwa mpira ni mwembamba au una viwiko vingi. Kwangu ilikuwa ni mita 1.4 na nusu mita nyingine, yaani karibu mita 2. Nilitafuta pampu ambayo grafu yake inatoa zaidi ya lita 3,000 kwenye kimo hicho, na nikaipata hii niliyonayo, ambayo mbele yake imeandikwa lita 6,000 kwa saa na kimo cha mwisho mita 3.5. Wakati huo huo niliutupa mpira wa milimita 20 nikaweka wa milimita 32, ambao uwazi wake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa kwanza. Ndoo ile ile sasa inajaa kwa sekunde 22, yaani takriban lita 3,300 kwa saa, na sina shaka kwamba ningeiacha pampu hii na mpira wa zamani ningebaki nalalamika.

Matumizi ya umeme niliyaangalia kabla ya bei, kwa sababu kifaa kisichozimwa kamwe hulipiwa kila mwezi. Hii inatumia wati 70, sawa na uniti 1.68 kwa siku, au uniti 50 na kitu kwa siku 30. Niliwahi kushauriwa nichukue ile aina ya pampu nzito inayotumika kutoa maji yaliyofurika, ya wati 250, ambayo ingekula uniti 6 kila siku. Pampu nyingi za aina hiyo zimeundwa kufanya kazi kwa vipindi, kisha zipumzike, na baadhi yake zina mafuta ndani yanayozuiwa na oili sili. Sili ikichoka, mafuta hayo yanaingia kwenye maji ya samaki. Hii yangu inaendeshwa kwa sumaku: rota yenye sumaku inazunguka ndani ya maji yenyewe, mota imezibwa kando yake, na hakuna tone la mafuta. Udhaifu wa sumaku ni kwamba haiwezi kupandisha maji mbali sana, lakini kwa mita 2 hilo halinihusu.

Nirudi kwenye kifo cha ile ya kwanza, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Pampu ya kuzamishwa hupozwa na kulainishwa na maji yanayopita ndani yake, kwa hiyo maji yakipungua hukosa vyote viwili kwa pamoja. Niliilaza moja kwa moja kwenye matope ya chini, ikiwa na kile kikapu chake chembamba cha plastiki kilichokuja nayo. Majani yalianguka, yakaoza, yakajibandika kwenye matundu pamoja na nyuzi za mwani hadi kikapu kikawa kama kimevikwa blanketi. Nilisikia mlio wa kukwaruza kwa siku kadhaa nikaupuuza, kwa kuwa maji yalikuwa bado yanatoka. Baadaye yakakoma. Nilipoifungua nilikuta gamba la konokono, dogo kama punje ya mtama, limekwama kati ya mapezi ya impela, yaani kigurudumu kinachosukuma maji, kijiti cha kauri kinachoishikilia rota kimekatika vipande viwili, na tundu la rota limetanuka upande mmoja kwa joto, kiasi kwamba plastiki ilikuwa na mkunjo niliouhisi kwa kucha. Garantii ilikataliwa, nami sikubishana.

Pampu ya sasa inakaa ndani ya kreti ya plastiki yenye matundu pande zote, niliyoizungushia wavu na kuijaza mawe mepesi yenye vitundu, nayo kreti imeinuliwa juu ya tofali mbili. Faida yake ni zaidi ya kuzuia takataka zisipite. Maji yale yale yakiingia kupitia eneo pana, mwendo wake katika kila tundu unakuwa wa polepole, na jani linalopita karibu halivutwi kwa nguvu ya kulifanya ling'ang'anie. Kikapu kidogo hufanya kinyume chake. Tofali nazo zina kazi ya pili ambayo sikuifikiria mwanzoni. Usiku mmoja mpira ulichomoka kule juu, na pampu ikamwaga maji nje ya bwawa. Ingekuwa kwenye kina cha mwisho ingewaacha samaki mchangani. Kwa sababu imeinuliwa, maji yalishuka hadi usawa wa matundu yake tu, sentimita kama 25 zikabaki, na swichi ya kuelea niliyoifunga pembeni ilikuwa imeshaizima kabla haijaanza kuvuta hewa. Samaki walikuwa wamejibana kona moja, wazima wote. Tangu siku hiyo mpira umekazwa kwa klampu mbili.

Usafi wake hauchukui muda mrefu. Mawe ya kreti nayasuuza kila baada ya wiki mbili kwa maji yaliyochotwa kwenye bwawa lenyewe, si ya bomba, kwa sababu klorini huua bakteria wanaoishi humo, ambao ndio wanaosafisha taka za samaki. Kila miezi mitatu naitoa rota, nasugua kwa mswaki wa zamani, na ukoko mweupe wa chokaa nauloweka kwenye siki kwa saa moja kisha nausuuza vizuri. Kila baada ya umeme kukatika na kurudi naenda kuhakikisha kwamba maji yanatoka, maana rota ikikwama kidogo pampu ya sumaku inaweza kuguna tu bila kuzunguka, na samaki wengi katika maji yaliyotulia hukosa hewa haraka, hasa usiku, wakati mimea ya majini nayo inatumia oksijeni.

Kuhusu umeme sina mzaha. Laini ya bwawa inapitia kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampea 30, waya umening'inizwa ukafanya kitanzi chini ya soketi ili matone yaishie hapo yasifuate waya hadi ndani, na siingizi mkono majini kabla plagi haijachomolewa. Kuinyanyua natumia kamba iliyofungwa kwenye mpini. Niliwahi kuwavutia wenzangu pampu zao kwa waya, nami sasa najua kwamba hivyo ndivyo maji yanavyopata njia pale waya unapoingia kwenye mota.

Malalamiko yangu kwa hii niliyonayo ni mawili. Kikapu chake cha asili ni kidogo kama kilivyokuwa cha ile iliyokufa, na anayeinunua akiitumbukiza kama ilivyo atayaona niliyoyaona. Lakini linaloniudhi hasa ni waya: una mita 5 tu na umezibwa kabisa kwenye mota, hauwezi kubadilishwa, hivyo ukichubuka pampu nzima inatupwa ingawa ndani ni nzima. Nimeupitisha ndani ya bomba gumu la plastiki kutoka ukingoni hadi kwenye soketi, na rota ya akiba nimeshainunua, kwa kuwa hiyo angalau inauzwa peke yake.