Miezi sita ya fiziotherapia kwa simu

Nilistaafu jeshini nikiwa na goti la kulia lililofanyiwa upasuaji baada ya gari letu kupinduka karibu na Kismayu, Somalia, mwaka 2014. Kwa miaka mingi, kila nilipohitaji fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ilinibidi niteremke kutoka Olenguruone kupitia Molo hadi mjini Nakuru, safari iliyonirudisha nyumbani goti limevimba kuliko nilivyoondoka nalo. Kliniki moja ya mjini iliponipa nafasi ya kuhudumiwa kwa video mara mbili kwa wiki, nilikubali ili kuepuka safari ya matatu tu.

Ndani ya nyumba picha iliganda nikiwa nimeinua mguu, mtaalamu asijue kama nimeushusha, kwa hiyo tulihamia uani karibu na tangi la maji, tena asubuhi, maana mvua ya huku haikosi alasiri. Mpira wa kuvuta wakati wa mazoezi sikuupata madukani. Nilikata tyubu ya baiskeli, na ikafaa.

Tabia ya kijeshi ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko mtandao. Tulizoea kuripoti kwamba hali ni shwari, na kwenye simu kuficha ni rahisi, kwa kuwa kamera huonyesha pale tu unapoielekeza. Nilikuwa nikisema maumivu ni mawili kwa kumi. Siku moja mke wangu, ambaye ndiye hunishikia simu, aliigeuza usoni pangu nikiwa nimeuma meno, akasema, "Daktari, huyu hakulala jana." Tangu hapo kila kipindi kilianza kwa swali, "Mama, mzee amelalaje?" na mazoezi yakapunguzwa, kisha yakaongezwa kwa kipimo cha kweli. Kufikia mwezi wa nne niliteremka zizini bila mkongojo.

Gharama ya bando ni yangu, na uvimbe hauwezi kupapaswa kwa simu, hivyo nimelazimika kwenda Nakuru mara mbili kupimwa. Anayeishi peke yake nisingemshauri ajiunge: mwenzangu wa Njoro aliegemeza simu kwenye mtungi, akaacha wiki ya tatu.

Mtaalamu aliwahi kuniuliza kuhusu ndoto za usiku. Nilimwambia nitamjibu nitakapoteremka mjini, kwa kuwa uani majirani hupita, na ndani ya nyumba mtandao hauingii.