Ramani inayoongea: nimesema Mbezi, ikanipeleka Mbezi siyo

Mi naendesha bajaji hapa Dar, nimetoka Morogoro mwezi wa tatu, kwahiyo mzawa wa mjini anaweza asione umuhimu wa hii programu ya ramani inayoongea, ila kwa mgeni kama mimi ndo mwenyeji wangu. Jina siitaji, nisije nikatafutwa bure.

Kazi yake simpo, unabonyeza kimaiki, unatamka unakoenda, inachora njia halafu inakuelekeza kwa sauti huku macho yako barabarani. Naweka earphone sikio moja, jingine nawaachia wenye honi. Shida inaanzia kwenye kutamka. Juzi nimempakia mama mmoja pale Mwenge, ana begi kubwa na ndoo ya dagaa, anawahi basi la Dodoma la saa nne, akasema mwanangu nipeleke Mbezi. Nikaiambia simu "Mbezi", ikajibu fasta, nikanyoosha na Bagamoyo Road. Kumbe imeshika Mbezi Beach na mama anaenda Mbezi Luis, stendi ya Magufuli, huko Morogoro Road! Tunafika Tangi Bovu nagongwa bega: "We kijana, mbona unanipeleka baharini, basi langu linapandia majini?" Jasho lilinitoka na upepo wote ule.

Ila tuseme ukweli, nilipotamka kirefu, "stendi ya mabasi ya Magufuli", haikunigeuza kurudi Mwenge, ilinipandisha na Goba mpaka Mbezi Mwisho, hukohuko kwenye stendi, njia ambayo nilikuwa hata siijui. Basi tulilikuta linapiga honi za kuondoka. Mama kanilipa ileile tuliyopatana, mafuta ya ziada nikala hasara mimi.

Matamshi ya huyu wa kwenye ramani sasa, jamani. Tangi Bovu anaiita "Tenji Bovuu", Shekilango sijui "Shekilengo", abiria wanacheka mpaka najisikia vibaya kwa niaba yake. Halafu anaongea mita mita tu, "baada ya mita 200 kata kushoto", wakati huku watu tunaelekezana kwa mwembe na transfoma. Mteja akisema yuko kwa Mangi geti jeusi, hapo usihangaike na maiki, piga simu tu.

Kuhusu bando, kijiweni wenzangu wanaogopa kuwasha GPS eti inafyonza MB. Sio hivyo wakuu, kujua ulipo simu inapokea mawimbi ya satelaiti tu na hayo hayana malipo, kinachokula bando ni picha za ramani, habari za foleni, na sauti yako inavyotumwa mtandaoni ikasikilizwe. Mi nimeshusha ramani ya Dar nzima kwa waifai ya dukani kwa jamaa yangu, bando likikata huyu wa kwenye ramani anaendelea kunielekeza, ila hapo kwa kutamka hasikii tena, inabidi uandike. Chaji ndo inakwenda kweli, nimefunga chaja kwenye bajaji.

Kariakoo msimtegemee sana. Yale maghorofa yanarudisha mawimbi, kidoti cha bluu kinaruka toka Msimbazi kinatua mtaa wa Swahili na mi nimesimama palepale nauza sura.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizobaki atazipata siku nikimwambia Mbezi akaniuliza kama konda wa daladala anavyouliza: Mbezi ipi, baba?