NVDA kwa mtengeneza tovuti anayeona: uzoefu wangu

Kama unatengeneza tovuti na viwango vya ufikivu, yaani vya kuifanya itumike na watu wenye ulemavu pia, vinakutoa jasho, pakua NVDA kabla hujafungua waraka wowote wa WCAG, mwongozo wa kimataifa wa viwango hivyo. Ni programu ya kusoma skrini kwa sauti, inafanya kazi kwenye Windows, haiuzwi, na imenifundisha mambo ambayo kozi za kulipia zilinipitisha juu juu. Kero inazo, nitazifikia.

Kwa asiyeifahamu: ilianza mwaka 2006 kwa mkono wa Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, aliyechoshwa na hali kwamba asiyeona anapaswa kununua kompyuta na kisha kununua tena programu ya bei mbaya ili aweze kuitumia. James Teh, naye haoni, akaungana naye, na shirika lao la NV Access ndilo linaloilea mpaka leo. Msimbo wake uko wazi, na wasioona duniani kote wanaitumia kwa kazi zao za kila siku. Hilo la mwisho ni muhimu kwangu: sijaribu tovuti kwa kifaa cha maabara, najaribu kwa chombo kilekile ambacho msomaji wangu amekishika.

Sasa kwa nini niseme ianze kabla ya waraka? Kwa sababu WCAG ukiisoma kavukavu haishiki. Toleo la 2.0 lilitoka Desemba 2008, la 2.1 Juni 2018, la 2.2 Oktoba 2023 likiwa na vigezo 9 vipya na kigezo kimoja cha zamani, 4.1.1, kikiondolewa. Lugha yake ni ya kisheria. Chukua kigezo cha 4.1.2, kinachodai kila kidude cha kubonyeza kijulikane kwa jina, wajibu na hali yake. Nilikuwa nakisoma na kukubali kwa kichwa tu. Fungua NVDA, nenda kwenye kitufe cha kutuma fomu kilichotengenezwa kwa div (kisanduku cha HTML kisicho na maana maalumu) yenye onclick, yaani amri ya kufuata kikibofywa, kisha sikiliza. Ukibonyeza Tab, unakiruka kabisa, kana kwamba hakipo. Ukishuka kwa mishale, unasikia neno "Tuma" na pengine tangazo kwamba hapo panabofyeka. Basi. Badilisha hiyo div iwe button halisi, rudi palepale: Tab inasimama juu yake, jina linatajwa, na unaambiwa ni kitufe. Kigezo kizima kimeeleweka kwa sekunde chache.

Na kuna jambo la ziada hapo ambalo waraka hauwezi kukuonyesha. Mtumiaji wa NVDA akibonyeza Enter juu ya ile div, huenda ikafanya kazi, kwa sababu programu inajitahidi kuigiza kubofya kwa niaba yake. Anayeumia kabisa ni yule anayeona vizuri lakini mikono haimruhusu kushika kipanya, anayetegemea kibodi tupu. Kwa hiyo ukijaribu kwa NVDA peke yake unaweza kudhani ukurasa uko salama. Mimi siku hizi kila ukurasa naupitia mara mbili: kwanza Tab na Enter bila sauti yoyote, ndipo nawasha NVDA.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni orodha inayofunguka kwa Insert na F7. Inakusanya viungo vyote vya ukurasa, au vichwa vyote, au vitufe, na kuvipanga wima. Niliwahi kupokea ukurasa wa habari wa mteja, umepambwa vizuri, nikafungua orodha hiyo ya viungo: Soma zaidi, Soma zaidi, Soma zaidi, mpaka chini. Kwa anayeona, kila "Soma zaidi" iko chini ya picha na kichwa chake, hakuna tatizo. Kwa anayeruka kutoka kiungo hadi kiungo, ni mlolongo wa milango isiyoandikwa. Kinachochekesha ni kwamba kiungo cha namna hiyo kinaweza kupita kigezo cha 2.4.4, ngazi A ambayo ni ya chini kabisa, kwa kuwa kigezo kinaruhusu maana itokane na sentensi inayokizunguka. Umefaulu mtihani na bado msomaji amepotea. Dawa ni nyepesi: kifanye kichwa cha habari chenyewe kuwa kiungo, uachane na "Soma zaidi".

Upande wa vichwa, orodha hiyohiyo inaanika uvivu wetu wa kuchagua h4, kichwa cha ngazi ya nne, kwa kuwa tunapenda ukubwa wake wa herufi. Ukibonyeza H unaruka kichwa hadi kichwa, namba 1 hadi 6 zinakupeleka kwenye ngazi husika, D inakupeleka kwenye maeneo makuu ya ukurasa. Ukurasa uliopangwa sawasawa unatembeleka kwa vidole viwili. Uliopangwa kwa macho tu unasomwa kuanzia nembo mpaka tangazo la hakimiliki, neno kwa neno.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunalipuuza mno. Violezo vingi vinakuja na lang="en" juu kabisa ya HTML, na hakuna anayekumbuka kuibadilisha. Macho hayaoni tofauti yoyote. NVDA inaamini ilichoambiwa: inachukua Kiswahili chako na kukisoma kwa matamshi ya Kiingereza, irabu zinapinda, "uende" inakuwa kitu ambacho hakijawahi kutamkwa na binadamu. Andika lang="sw" na kisoma sauti kinachokuja nayo, eSpeak NG, kinahamia Kiswahili chenyewe bila wewe kubonyeza chochote. Sauti yake, tuseme ukweli, ni ya mtu anayeongea akiwa ndani ya debe. Lakini inaeleweka, na wazoefu wanaichagua kwa makusudi kwa sababu hata ukiikimbiza kasi sana, silabi hazimezani. Hicho ni kigezo cha 3.1.1, ngazi ya chini kabisa, marekebisho ya herufi mbili.

Nije kwenye vipima vya kujiendesha, kwa sababu najua kuna atakayeuliza kwa nini nijisumbue ilhali Lighthouse iko ndani ya Chrome na inatoa alama. Ninaitumia, na axe ninaitumia, na WAVE pia. Lakini alama 100 ya kijani ya Lighthouse inasema tu kwamba kasoro ambazo mashine inaweza kuziona hazijaonekana. Mashine inaona kama picha ina alt, yaani maandishi mbadala; haijui kama alt hiyo inasema kitu. Nimekuta picha ya mchoro wa takwimu yenye maandishi mbadala "picha", na kipimo kikapita bila manung'uniko. NVDA ikafika hapo, ikatangaza ni mchoro, ikasema "picha", ikaendelea na safari. Takwimu zote zimebaki kwenye skrini.

Kinyume chake nacho ni kweli, tusidanganyane. NVDA haipimi utofauti wa rangi. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe itayasoma kwa raha zote, wakati kiwango kinataka uwiano wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa. Hapo kipima kinashinda sikio. WebAIM, shirika la Marekani la ufikivu wa tovuti, huchunguza kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja kila mwaka. Mwaka 2024 asilimia 95.9 zilikuwa na kasoro zinazogundulika kwa mashine, na kasoro iliyoongoza ni hiyohiyo ya maandishi yasiyoachana vya kutosha na usuli wake. Vilevile mambo mapya ya WCAG 2.2 mengi ni ya macho na mikono: vitu vya kugusa visipungue pikseli 24 kwa 24, kinachoburutwa kiwe na njia nyingine, kidude kilichochaguliwa kisifunikwe na ile menyu iliyogandishwa juu ya ukurasa. Hayo zima NVDA, tumia Tab na kidole.

Kwenye fomu ndipo mambo yanakuwa mazito. Kuna mpangilio wa kuteremsha pazia, skrini nzima inakuwa nyeusi na unabaki na sauti tu. Uwashe, kisha ujaze fomu yako mwenyewe ukiacha sehemu moja wazi kwa makusudi. Fomu niliyokuwa naikagua, iliyotengenezwa na timu nyingine, ilinyamaza kimya nilipotuma. Nikabonyeza tena, kimya. Kumbe ujumbe mwekundu ulijitokeza juu kabisa ya ukurasa, umeandikwa kwa heshima, na hakuna aliyeitangazia NVDA kwamba kuna kitu kimebadilika. Anayeona anaelewa ndani ya nusu sekunde. Mwingine anaamini ametuma. Tulijaribu kwanza kuuwekea ujumbe role="alert", mojawapo ya sifa za ARIA zinazoongezwa kwenye HTML ili visoma skrini vielewe, ukasomwa papo hapo, lakini msomaji bado alilazimika kutafuta sehemu yenyewe yenye kosa. Tulichobaki nacho ni kumpeleka moja kwa moja kwenye sehemu ya kwanza iliyokosewa, na kuunganisha maelezo ya kosa na sehemu hiyo kwa aria-describedby, yasomwe pamoja na lebo. Tofauti ya hizo njia mbili kwenye karatasi ni ndogo. Gizani ni kubwa sana.

Nigusie pia zile programu za kubandika, zinazoahidi kwamba mstari mmoja wa script utaifanya tovuti ikidhi viwango. Mteja wangu mmoja alikuwa ameshalipia. Nilipoingia na NVDA, kidude hicho kilikuwa cha kwanza kuongea kila nilipofungua ukurasa, kikinishawishi niwashe hali maalumu ya wasioona, wakati menyu yenyewe ya tovuti ilibaki ya div zilezile. Mwaka 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliichukulia hatua kampuni moja ya biashara hiyo kwa madai yake, ikatakiwa kulipa dola milioni 1. Mteja aliondoa kidude, tukatengeneza menyu.

Kero, kama nilivyoahidi. Siku za mwanzo NVDA inaongea kila kitu, hata kipanya kikitikisika. Jifunze mapema kwamba Ctrl inainyamazisha, na Insert na S inabadilisha hali ya kuongea. Kompyuta mpakato nyingi hazina Insert ya kufikika. Kwenye dirisha la kukaribisha kuna sehemu ya kuifanya Caps Lock ishike nafasi hiyo, weka tiki. Kinachochanganya wengi ni hali zake mbili: moja ya kupitia ukurasa, ambamo H ni amri ya kuruka, na nyingine ya kuandika, ambamo H ni herufi h. Inabadilika yenyewe ukiingia kwenye kisanduku cha maandishi, kwa mlio mdogo, na ukiukosa mlio huo utakuwa unaandika jina lako huku ukurasa unarukaruka. Insert na Space inabadilisha kwa mkono.

Kama sauti inakuudhi, kwenye menyu ya zana kuna dirisha linaloandika kila inachotamka. Hili kwa mtengeneza tovuti ni dhahabu: unazima spika, unasoma, na unaweza kunakili maneno hayo na kuyaweka kwenye ripoti ya mteja. Wateja hawabishani na maandishi "kitufe, kitufe, kitufe".

Matoleo mapya hutoka mara kadhaa kwa mwaka, na lile la kwanza la mwaka, lenye namba .1, huvunja ulinganifu na viongezo vya zamani. Mimi sina viongezo vingi kwa hiyo halinigusi sana. Linalonigusa ni kwamba ukurasa mmoja unaweza kusemwa tofauti kidogo kwenye Chrome na Firefox, na sasisho la kivinjari likabadilisha tabia bila NVDA kuguswa. Ukiona tofauti, usikimbilie kuongeza ARIA mpaka isemeke unavyotaka. Kanuni ya kwanza ya ARIA ni kutoitumia pale ambapo HTML ya kawaida inatosha, na mara nyingi inatosha: dirisha ibukizi ambalo zamani lilihitaji script ndefu, sasa dialog ya HTML inalibeba, na vivinjari vyote vikubwa vinaikubali tangu 2022.

Jambo ambalo NVDA haitakupa ni mtumiaji. Mimi naisikiliza taratibu, najua tayari ukurasa umekaaje, na nikikwama nafungua macho. Asiyeona mzoefu anaikimbiza kasi ambayo mimi nasikia mvumo tu, na ana mbinu zake ambazo hakuna mwongozo uliozitaja. Kazi kubwa ikija, naweka kwenye bajeti malipo ya mtu asiyeona aijaribu, na nayataja waziwazi kwenye mkataba. Tangu sheria ya ufikivu ya Umoja wa Ulaya ianze kutumika tarehe 28 Juni 2025, wateja wenye biashara huko wameacha kuuliza malipo hayo ni ya nini.

Nyota nne kati ya tano. Mwenye Mac asihangaike kuitafuta, haipo. VoiceOver imo ndani ya mashine yake, abonyeze Command na F5. Na kwenye simu ya Android iko TalkBack, ambayo nayo inastahili kujaribiwa kwa sababu kugusa na kutelezesha kidole kunafichua kasoro ambazo kibodi haizigusi.