Nyuzi za DMC kwenye mashuka na foronya: uzoefu wangu

Nitoe hukumu kwanza, maelezo yatafuata. Ukidarizi kitu kitakachofuliwa na kupigwa pasi miaka nenda miaka rudi, rangi zako nzito, yaani nyekundu, nyeusi, bluu ya bahari, zambarau na kijani kilichokolea, nunua za DMC, kampuni ya Kifaransa ya nyuzi za kudarizia, hata kama bei inachoma. Njano, krimu, pinki hafifu na bluu ya mbingu unaweza kuzitafuta kwenye uzi wowote mzuri wa pamba ulio karibu nawe. Msimamo huu sikuupata dukani, nimeupata kwenye karai la kufulia.

Kudarizi kwangu ni maisha. Nimekulia Tanga kwa bibi mzaa mama, katika nyumba ambayo mwanamke hakukaa barazani alasiri na mikono mitupu. Kuna aliyesuka ukili, kuna aliyefuma vitambaa vya makochi, na bibi alikuwa na fremu yake ya mti na shuka jeupe lililokunjwa mapajani. Maua aliyahamisha kwa karatasi ya kaboni: mchoro juu, kaboni chini, kalamu ya risasi inapita polepole, na mstari wa bluu unabaki kwenye kitambaa. Mimi nilianzishwa kwenye majani, maana jani linasamehe mkono unaojifunza. Waridi nililisubiri sana, na siku niliporuhusiwa kuligusa nililala nikiwa na furaha ambayo mpaka leo naikumbuka mwilini. Tangu hapo sijaacha. Nimedarizi foronya, mashuka ya maharusi, vitambaa vya meza na shingo za madera, na siku hizi naunganisha pia viraka vya khanga kuwa matandiko. Uzi mzuri kwangu ni jambo zito.

Uzi ninaouzungumzia unaitwa Mouliné Spécial. DMC, kwa kirefu Dollfus-Mieg et Compagnie, ilianza mwaka 1746 katika mji wa Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa ya leo, na kazi yake ya kwanza haikuwa uzi bali kuchapa vitambaa vya pamba. Jina la Mieg liliingia mwaka 1800, baada ya Daniel Dollfus kumwoa Anne-Marie Mieg. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi. Sisi tuliozaliwa na kubebwa ndani ya khanga tunajua maana ya chapa inayoshika na ile inayochuja, na watu walioanzia kwenye uchapaji wa vitambaa lazima walihangaika na rangi kabla hawajahangaika na uzi.

Kitita kimoja kina mita 8. Ndani yake uzi una nyuzi sita nyembamba zilizolala pamoja kwa ulegevu, hivyo unazitenganisha upendavyo. Pamba yake ni ya nyuzinyuzi ndefu, na imepitishwa mara mbili katika ile njia ya kuizamisha kwenye soda kaustiki. Mwingereza John Mercer ndiye aliyepata hataza ya njia hiyo mwaka 1850, na baadaye ikaonekana kwamba pamba ikivutwa kwa nguvu ikiwa bado ndani ya soda hutoka na mng'aro. Unyuzi wa pamba kwa asili ni bapa na umejipinda. Soda huujaza ukawa wa mviringo, ukarudisha mwanga vizuri na kuinywa rangi hadi ndani. Kwa hiyo mng'aro unaouona kwenye ua si mafuta wala nta ya kupakwa, na kwa sababu hiyo haumaliziki kwenye maji ya kwanza.

Sasa nije kwenye karai. Mimi siingizi uzi mgeni kwenye kitambaa cheupe bila kuujaribu. Nakata kipande cha urefu wa kidole, nakilowesha kwa maji ya moto yenye sabuni, nakiweka katikati ya bafta nyeupe iliyokunjwa, kisha nabana kwa pasi ya moto mpaka pakauke. Bafta ikifunguliwa inasema yote. Nyekundu namba 321 na 498, nyeusi namba 310 na bluu namba 336 zote zimepita jaribio hili mikononi mwangu, na bafta ikabaki nyeupe kama ilivyotoka dukani. Nimewahi kujaribu pia nyuzi za bei rahisi zinazouzwa kwa mafungu makubwa, nyingine zikiwa zimeandikwa namba zilezile za DMC kwenye karatasi yake. Njano na pinki zake hazikunisumbua. Nyekundu iliacha doa la waridi kwenye bafta, na nyeusi ikaacha kivuli cha zambarau.

Naomba muelewe kwa nini nalishikilia sana jambo hili. Binti wa shangazi yangu alipoolewa alidariziwa mashuka na fundi ambaye mkono wake mimi nauheshimu mpaka leo. Mishono yake ilikuwa imelala kama imepigwa rula, nyuma ya kitambaa kusafi kuliko mbele ya watu wengine. Uzi ulikuwa wa bei rahisi, kwa sababu ndio uliopatikana. Mara ya kwanza kufuliwa, wekundu wa maua ulitambaa kwenye shuka lote. Kazi ya miezi, macho, mgongo na usiku wa taa, yote ikapakwa doa ambalo limao halikulitoa, jua halikulitoa. Uzi ndio sehemu ndogo kabisa ya gharama ya shuka la kudarizi ukihesabu na muda wa mtu, na ndio unaoweza kuharibu vyote vingine. Nikimwona fundi hodari akishika uzi mbovu roho inaniuma kweli.

Kampuni inasema uzi huu unafulika hadi nyuzijoto 95. Mimi sijachemsha mashuka yangu, nafua kwa mkono na sabuni ya mche, nasuuza mara mbili na kuanika upande wa nyuma ukiwa juu, kivulini. Jiki haigusi kazi yangu ya kudarizi, na sikushauri uiweke hata kama shuka limeingia doa la chai. Jua letu la pwani nalo ni kali kwa rangi yoyote: foronya ninazozitumia kila siku zimepoa kidogo ukizilinganisha na zile za akiba zilizo kabatini, lakini zimepoa kwa usawa. Ua zima limeshuka pamoja, na vivuli vyake bado vinasomeka.

Na vivuli ndivyo vilivyoniteka zaidi. Rangi zipo 500, baada ya kuongezwa 35 mpya zenye namba 01 mpaka 35. Hutazihitaji zote, mimi sina hata robo yake. Faida ya wingi huo ni kwamba ngazi za rangi moja ziko karibukaribu, kwa hiyo unapandisha na kushusha mwanga bila jicho kuruka. Kwa waridi jekundu naanzia 814 katikati kwenye giza, naja 815, kisha 498, 321, na mdomo wa petali naumalizia kwa 666. Zikikaa hivyo ua linainuka kwenye kitambaa. Nilipokuwa msichana tulikuwa na nyekundu moja na pinki moja, na bibi alitafuta kivuli kwa kugeuza mwelekeo wa mshono ili mwanga upige tofauti. Ujuzi huo bado ninautumia, na ukiuchanganya na ngazi tano za nyekundu, raha yake haielezeki.

Jambo jingine: nimeongeza vitita vya 498 kwa nyakati tofauti juu ya kazi moja iliyokuwa inaendelea, na jicho langu halikuona mpaka kati ya kitita cha zamani na kipya. Anayedarizi mashuka makubwa anajua hilo lina thamani gani.

Jinsi ninavyoufanyia kazi. Mshono wa kujaza natumia nyuzi mbili, mnyororo nyuzi tatu, mashina mbili au tatu kulingana na unene wa tawi, na vifundo vya katikati ya alizeti natumia zote sita. Kila unyuzi nauvuta peke yake kwenda juu, kisha nazikusanya tena kabla ya kutunga sindano. Zikitenganishwa hivyo hulala bapa na hufunika kitambaa vizuri. Urefu wa kukata hauzidi kuanzia kidoleni hadi kwenye kiwiko na kiganja kimoja juu yake, kwa sababu kila pito la kitambaa linakwaruza uzi, na uzi mrefu utakuwa umeshaota manyoya kabla hujafika mwisho. Kitita usikivue karatasi. Ipo ncha inayochungulia upande mmoja, ivute hiyo taratibu na uzi utatoka bila kujifunga. Karatasi yenye namba itunze mpaka mwisho.

Kuhusu nyeupe, kwa wale wanaofanya nyeupe juu ya nyeupe: kuna Blanc na B5200. B5200 ni nyeupe kali inayokaribia barafu, na juu ya shuka la tetroni jipya inapendeza mno. Juu ya bafta au kitambaa cha pamba kilichofuliwafuliwa, Blanc inakaa vizuri zaidi, kwani B5200 hulifanya shuka lenyewe lionekane limechakaa.

Kwa viraka vya khanga natumia uzi wao mwingine, pamba ya Perle namba 8. Huu haugawanyiki. Ni uzi mmoja uliosokotwa, unakuja kama bonge la gramu 10 lenye mita 80. Nikishaunganisha viraka na kuweka shuka kuukuu katikati kama kijazo, napita bandi fupifupi kutoka ukingo hadi ukingo, na kila mstari wa Perle unaonekana kama mfereji mdogo wenye shanga. Khanga kuukuu ni laini, haibishani na sindano, na msokoto wa Perle unastahimili kuvutwa kwa tabaka tatu. Pindo namalizia kwa mshono wa blanketi kwa uzi huohuo. Vaa subana kidoleni, tabaka tatu si mchezo. Mafundi wa kofia za mkono wa Lamu na Unguja, na wa kofia za kumma kule Oman, wana nyuzi zao wanazoziamini kwa kazi yao, hao sitawasemea. Mimi nasema ya matandiko tu.

Bei sasa. Mdogo wangu anaishi Leicester, ndiye anayenitafutia, na kitita kimoja huko rejareja ni zaidi ya pauni 1. Ukikibadili kuwa shilingi utaona kwa nini watu wanaguna, hasa kwa mita 8. Waridi moja kubwa la kujaza, vivuli vyote pamoja, linaweza kula zaidi ya kitita kizima, na shuka la harusi halina waridi moja. Katika maduka ya Kariakoo ninayonunua mimi sijauona ukiwa na rangi kamili. Kwa hiyo sisemi kila mtu adarizi kila kitu kwa DMC. Vitambaa vya kochi vya kujifunzia, mapambo ya ukutani ndani ya fremu ya kioo, mifuko isiyofuliwa mara kwa mara, hivyo fanya kwa uzi ulio nao na mkono wako ukue. Ukifika kwenye shuka la mtu aliyekuamini, kwenye foronya ya mtoto, kwenye kitambaa cha meza kitakachomwagikiwa mchuzi na kusuguliwa, hapo nyuzi za rangi nzito zinunue za kweli.

Nikianza upya leo na fedha kidogo, ningechukua 310, 321, 498, 815, bluu 336, kijani 699, zambarau 550, na ile kahawia iliyo karibu kuwa nyeusi, 3371, ambayo ni nzuri mno kwa mashina na mbegu kuliko nyeusi tupu. Nane hizo zinakupeleka mbali. Rangi nyepesi zijazie kutoka kwenye uzi wa pamba wa kawaida, baada ya kuzipitisha kwenye jaribio la bafta na pasi.

Na ukimwagiza ndugu au rafiki anayesafiri, mwandikie namba na idadi, usimwandikie jina la rangi. Mpe "498, vitita vinne" na atasoma kwenye karatasi hata kama hajawahi kushika sindano. Ukimwambia "nyekundu iliyokolea" atasimama mbele ya 304, 321, 498, 815 na 816, zote nyekundu, zote nzuri, na atakuletea moja ambayo waridi lako halikuihitaji.