Akaunti ya Wakala au Akaunti Yako: Nani Anaona Fedha za Matangazo Zinakokwenda?

Mfanyabiashara wa Dodoma anayetaka kutangaza mvinyo wa zabibu au nyumba ya wageni mtandaoni anaweza kumtumia wakala kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumkabidhi fedha zote ili aendeshe matangazo kwa akaunti ya wakala mwenyewe; ya pili ni kufungua akaunti kwa jina la biashara, kuilipia moja kwa moja, kisha kumpa wakala ruhusa ya kuiendesha, jambo ambalo Facebook na Google zinaliruhusu bila mtu kugawa nywila.

Njia ya kwanza ni nyepesi, na kwa tangazo la siku chache wakati wa vikao vya Bunge huenda ikatosha. Lakini mteja huletewa ripoti tu, mara nyingi picha ya skrini, isiyomwonyesha kama katika shilingi 500,000 alizotoa, tuseme, zilizofika kwenye tangazo ni 450,000 au 300,000. Ripoti hiyo pia hupenda kutaja idadi ya mara tangazo lilipoonyeshwa, ambayo si idadi ya waliolibofya, wala ya waliopiga simu kuulizia chumba.

Njia ya pili inadai kadi ya benki na uvumilivu wa kujifunza. Hata hivyo, risiti hutoka kwa mwenye jukwaa, yaani Facebook au Google, ada ya wakala hutengana na gharama ya tangazo, na kumbukumbu za kampeni hubaki kwa mwenye biashara hata wakiachana. Kwa matangazo ya kila mwezi ningechagua hii, ilimradi mkataba uitaje ada hiyo waziwazi. Wakala anayemkataza mteja asitazame hata hesabu za matumizi, sioni sababu ya kumpa kazi.