Siku 5 na piki ya umeme hapa Kisumu: shida si piki, ni betri

Sasa watu wangu, karibuni tena, leo sitazunguka sana kwa sababu hii kitu nimekaa nayo siku 5 na niko na mengi kifuani. Hii hapa nyuma yangu ni piki ya umeme. Ngoja niiwashe. Mmesikia? Si maiki imeharibika, imewaka hivyo. Taa ya kijani ikiwaka hapo kwa dashbodi jua iko tayari, na ukikunja mkono hapa bila kuangalia itakuacha chini, kwa hivyo watoto wasiguse hii kitu ikiwa na ufunguo.

Hapo mahali tangi ingekuwa mnaona nimebandika tepu nyeusi. Msiniulize kwa komenti ni kampuni gani. Piki si yangu, ni ya dada mmoja wa steji ya Kondele, bado analipa deni, na niko na mazuri ya kusema na mabaya pia, sitaki mtu aende kumsumbua. Alinikodishia kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa, hizo masaa wateja huwa wamepungua, asubuhi na jioni anafanya kazi yake. Nilimlipa. Kampuni haijanilipa chochote na haijui niko na piki yao.

Mota ni ngapi wati, taa ni za aina gani, hizo siendi kusoma, kila chaneli imeshasoma hiyo karatasi. Mimi nataka tuangalie betri. Betri ndio piki. Hizo zingine zote ni chuma na magurudumu.

Njoo karibu na kamera. Unazima. Unatoa ufunguo, unaingiza hapa chini ya kiti, unainua kiti, na hiyo sanduku unaona ndio betri yenyewe. Iko na mpini. Unachomoa hii plagi nene, na usiivute kwa waya, shika kichwa chake. Sasa inua kwa miguu, usiinue kwa mgongo, kwa sababu hii kitu ni nzito karibu kama debe la mahindi. Hapo sawa. Sasa niko stesheni ya kubadilisha betri, hii iko upande wa Mamboleo, hayo makabati mnaona ni betri zinachajiwa. Naweka yangu iliyoisha hapa, huyu mama anayesimamia anaangalia kwa simu yake namba ya piki, kabati ingine inafunguka, natoa iliyojaa, narudisha kwa piki, nasukuma mpaka nisikie ikilia tak, plagi, kiti, ufunguo. Dashbodi inasema chaji asilimia 98. Simu inasema dakika 1 na sekunde 52.

Wacha nirudie mara ya pili kuna watu watasema nimekata video. Mara ya pili dakika 2 na sekunde 10, kwa sababu plagi ilinisumbua kidogo. Hata hivyo, jameni! Dakika 2! Mimi nimeshapanga laini ya petroli hapa mjini ile wakati mafuta yalipotea nikamaliza asubuhi nzima. Siku ya tatu nilipata foleni, watu 6 mbele yangu na betri zilizojaa zilikuwa 4 peke yake, nikangoja dakika 17. Hiyo nimesema ndio mjue si kila siku ni dakika 2.

Na huyu mama wa stesheni nataka mumwone vizuri, amekubali nionyeshe mikono yake tu. Kitambo alikuwa anauza petroli kwa chupa kando ya barabara, zile chupa za soda mnajua, unanunua nusu lita ukikwama. Saa hii analipwa mwisho wa mwezi. Amefundishwa kusoma betri ikiwa na hitilafu, nilimwona akikataa betri moja isiende kwa mteja kwa sababu seli moja ilikuwa inashuka haraka kuliko zingine, akaiweka kando na kuandika. Watu wakisema kazi za kijani mimi huwa naskia mambo ya warsha na fulana. Hii ndio kazi ya kijani, iko hapa Mamboleo, imevaa leso na buti.

Mlima. Wengi mliniandikia hii haiwezi mlima. Nilitoka Mamboleo nikapanda hadi Kiboswa nimebeba mtu mzima nyuma, mnaojua hiyo barabara mnajua malori hulia venye hapo. Hakuna gia ya kushuka, hakuna klachi, unakunja mkono na inapanda, spidi ilishuka kidogo kwa ile kona kali lakini haikunung'unika. Nilianza na chaji ya 61, nikafika juu na 40. Kushuka, ukiachilia mkono mota inajigeuza inazalisha stima inarudisha kwa betri, lakini nilirudishiwa 2 peke yake, kwa hivyo mtu akikuambia mteremko utakujazia betri usimwamini. Faida ya hiyo kitu ni breki, inakushikilia, na viatu vya breki vitadumu zaidi.

Sasa pesa. Dada anasema akiwa na piki ya petroli alikuwa anachoma ya 500 na zaidi kwa siku, na oili kila wiki mbili. Saa hii anabadilisha betri mara 2 kwa siku na zote mbili hazifiki 350. Mnakumbuka Oktoba 2023 petroli Nairobi ilifika 217.36 kwa lita? Huo mwezi kuna watu waliuza piki zao hapa Kondele. Yeye anasema tangu ahame hajali tena ile tarehe 14 EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta na stima, wanatangaza bei mpya usiku.

Lakini hebu tupige hesabu pamoja, na hapa ndio naanza kukasirika. Betri kama hii inakula kama yuniti 3 za stima ikijaa. Mwaka wa 2023 EPRA walitoa bei maalum ya stima ya magari na piki za umeme, shilingi 16 kwa yuniti mchana na 8 zile masaa za usiku watu wamelala, kodi na makato mengine bado. 3 mara 16 ni 48. Usiku ni 24. Dada analipa zaidi ya mia na hamsini kwa betri moja! Najua, najua, betri yenyewe ni ghali, kuna kabati, kuna kodi ya mahali, kuna huyu mama wa stesheni lazima alipwe na nimetoka kumsifu. Sisemi wanaiba. Nasema mwendeshaji angeonyeshwa hiyo hesabu, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuenda, kabati za kampuni ingine hazipokei hii betri, plagi ni tofauti. Petroli angalau ukikosa kituo kimoja unaenda cha jirani.

Kampuni ya Ampersand walianza huu mtindo wa kubadilisha betri Kigali 2019 na saa hii wako Kenya pia, Spiro nao wako na makabati kwa nchi kadhaa. Roam wa pale Nairobi wameenda njia ingine, piki yao ya Roam Air betri inatoka na unaweza kuichaji kwa soketi ya kawaida nyumbani. Hiyo sijaipanda bado, nikiipata nitawaletea. Najua kuna timu mbili kwa komenti, timu kabati na timu soketi, mimi nilikuwa timu kabati mpaka siku ya nne.

Siku ya nne nikiwa na dada hapo steji alikuja mteja anataka kupelekwa Nyakach, kupita Katito. Kazi nzuri, pesa ya maana. Dada akamwambia pole kaka, siwezi. Kwa nini? Kwenda na kurudi inapita nguvu ya betri moja, na akishatoka mjini hakuna kabati. Yule mteja akapanda ya petroli, na dada akabaki amekaa.

Sasa fikiria. Nyakach ndio kuna kituo cha stima cha Sondu Miriu. Maji ya mto Sondu yanaingizwa kwa handaki chini ya mlima yanazungusha mitambo, megawati 60, halafu haohao maji yakitoka yanazungusha zingine za Sang'oro hapo chini, megawati 21. Nyaya kubwa zinapita juu ya mashamba ya watu zinakuja Kisumu. Stima inatoka Nyakach, inachaji betri Mamboleo, na hiyo betri haiwezi kurudi Nyakach! Mwendeshaji wa kule kijijini, anayebeba mama mjamzito saa nane usiku hadi hospitali, anayebeba omena na nyanya asubuhi, yeye ndio ananunua petroli ya chupa kwa bei ya juu kuliko ya mjini. Yeye ndio alihitaji hii kitu kwanza. Hii biashara ya boda ilianzia kijijini na mpakani, Busia, watu wakivushwa na baiskeli, haikuanzia Nairobi.

Na hata huhitaji nyaya. Huko Mbita na fuo zingine za ziwa kuna vituo vya sola vya WeTu, wavuvi wa omena wanakodisha taa zilizochajiwa kwa jua jioni wanarudisha asubuhi, na wameingia kwa mambo ya piki pia. Paa la sola, betri chache, vijana wawili wa kusimamia. Mahali kama Katito panatosha kabisa.

Nilimpelekea baba mdogo hii piki. Wale wa zamani kwa chaneli mnamjua, gereji yake iko Kibuye chini ya ule mti, amefungua injini tangu piki ziwe nyingi, ile 2008 serikali iliondoa kodi kwa piki ndogo. Akazunguka mara mbili, akauliza, "Sasa mimi hapa nitakula nini?" Sikuwa na jibu. Hakuna kabureta, hakuna valvu, hakuna oili. Akashika gurudumu la mbele akalitikisa, akasema beringi imeanza kulegea, na shokabsoba za nyuma zimechoka. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimepanda siku 3 sikujua. Akakaza, akapaka grisi, dada akamlipa. Kumbe kazi iko. Lakini alipofungua kifuniko cha pembeni akafika kwa kontrola, ile kompyuta inayoongoza mota, akakuta imezibwa, na ikiwa na shida lazima uunganishe na programu ambayo iko kwa kampuni peke yake. Mzee ana miaka 50 na kitu na bado anataka kujifunza, aliniambia nimtafutie mtu wa kumfunza kusoma hiyo kontrola hata kama ni kwa kulipa. Kampuni mnaotazama, yeyote, wote, mpeni baba mdogo hiyo programu. Wapeni mafundi wa Kibuye mafunzo wiki mbili. Dada alipopata hitilafu mwezi uliopita alingoja fundi wa kampuni siku 2, na siku 2 bila kazi deni halingoji.

Na deni ndio jambo lingine. Akichelewa siku 1 piki inazimwa kutoka mbali. Mtoto aliugua, pesa ikaenda hospitali, asubuhi anaweka ufunguo, haiwaki. Mimi nilikasirika kwa niaba yake lakini yeye mwenyewe alinituliza, akasema kaka, mimi sina shamba, sina logbuku ya gari, hakuna benki ingenipa piki, walinipa kwa sababu wanajua wanaweza kuizima. Nimefikiria hiyo siku mbili. Bado naona wangempa hata siku 3 za kupumua, lakini siwezi tena kusema ni kitu kibaya kabisa kama nilivyosema kwa ile laivu ya Jumamosi.

Enhe, laivu. Tumehamisha laivu kutoka Jumamosi hadi Jumapili jioni, kwa sababu Jumamosi wengi wenu wa boda mko kazini. Na maiki ni mpya, mlilalamika upepo, niambieni kama imepona.

Wale mko Doha na Muscat na Riyadh, mnaniandikia kila wiki mnataka kumnunulia ndugu boda nyumbani, ya umeme ama ya petroli. Kama ndugu yako anakaa Kisumu, Kondele, Nyalenda, Mamboleo, ya umeme bila kufikiria sana, ila mwambie atembee kwa miguu ahesabu makabati yako wapi na yanafunga saa ngapi kabla utume hata shilingi. Kama yuko Seme ama Nyakach ndani, chukua ile ya kuchaji nyumbani, na kwanza fundi wa stima aangalie waya za nyumba, si ile ekstensheni imeunganishwa na ya jirani. Na uliza kwa maandishi betri ni ya nani. Kuna mikataba unamaliza kulipa piki na betri bado ni ya kampuni.

Mimi ningenunua? Siku ya kwanza ningesema ndiyo nikiwa nimefumba macho. Saa hii nasema ndiyo, kama itakuwa na soketi ya nyumbani na kabati ya mjini pamoja. Hiyo nikiipata naweka pesa yangu, na baba mdogo atakuwa wa kwanza kuifungua.

Dashbodi inasema 14 na ni saa nane na nusu. Lazima nipite Mamboleo nimwekee dada betri iliyojaa kabla ya saa tisa, watoto wa shule wanatoka na yeye ndio huwabeba. Mliouliza kuhusu mvua na mafuriko ya Ahero, nimerekodi, inakuja Alhamisi.