Safari ya skauti Zambia, Botswana na Zimbabwe: lori na watu wake nyota tano, "siku ya kujitolea" nyota moja

Jamani nimerudi na kundi langu la skauti wiki mbili zilizopita na kila kiongozi ninayekutana naye anauliza ile kampuni ikoje, sasa naandika hapa mara moja niache kurudia stori. Jina lao siliweki, sitaki maneno, ila ni wale wa malori makubwa ya utalii yaliyokatwa madirisha marefu pembeni, mahema kwenye makabati ya chini na jiko nyuma. Tulikuwa watoto 14 wa sekondari na viongozi watatu, mwezi wa saba shule zimefungwa, siku 12 kuanzia Nakonde, mpakani upande wa Zambia, hadi kurudishwa Lusaka. Basi la Dar mpaka Tunduma tulijilipia wenyewe. Kutoka Dar tulitamani treni ya TAZARA, ratiba haikukubaliana na tarehe zetu.

Nianze na kituko cha mpakani. Tumevuka Tunduma saa nne asubuhi, tumekaa upande wa Nakonde na mabegi yetu, lori hakuna, simu haipokelewi, viongozi tumeanza kutazamana tu. Saa nzima. Kumbe kule kwao ni saa tatu, Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja na sisi tumesoma karatasi ya safari kwa saa zetu za Tanzania. Lori likafika dakika ileile waliyoandika! Kosa letu hilo, lakini kampuni inayobeba Watanzania kila mwaka ingeandika basi hata kwa kalamu.

Dereva, tulimwita Madala kama wanavyoita wazee huko, huyo mzee ni mtu na nusu. Hakimbizi gari, usiku haendeshi kabisa, akiona mtoto mmoja kanyamaza sana anasimamisha anauliza anaumwa? Mpishi naye fundi, siku ya kwanza kawapikia nshima, ambayo ni ugali tu jamani, na kapenta, watoto wakacheka wakasema si ndio dagaa hawa! Na ni dagaa kweli, wale wa Tanganyika, walipelekwa ziwa Kariba miaka ya 60 wakazaliana, kwa hiyo tumesafiri siku mbili kwenda kula dagaa wa Kigoma. Kipengele cha msosi sina lawama hata kidogo.

Mji wa Livingstone sasa. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale yanayoitwa pia Victoria, ukisoma kwenye karatasi unaona upana mita 1,708, kimo 108, unasema sawa. Ukifika unasikia kwanza kabla hujaona, halafu unalowa mpaka soksi, mwezi wa saba maji bado yapo ya kutosha ila ukungu umepungua unaona mpaka chini, kwa hiyo mkipanga mpange hapo hapo, mwezi wa kumi upande wa Zambia mnaweza kukuta mwamba mtupu. Koti la mvua linakodishwa getini, chukueni. Na mkate msiushike mkononi, nyani mmoja alimnyang'anya kiongozi mwenzangu mfuko mzima akakaa nao juu ya uzio anatuangalia. Yule mtembezaji alielezea sana habari za David Livingstone, yule mmisionari Mzungu, kufika pale 1855, kijana wetu mmoja wa Bagamoyo akanyoosha mkono akauliza mbona hamuwataji kina Chuma na Susi, wale wahudumu wake Waafrika waliobeba maiti yake kutoka huku mpaka kwetu? Mtembezaji akanyamaza kidogo akasema hilo nitaliongeza. Niliona fahari bwana.

Haya, tuje kwenye kilichonifanya niandike. Kwenye invoisi kulikuwa na laini inasema "siku ya kujitolea kijijini", dola 25 kwa kichwa, rangi na brashi ndani yake. Kwa skauti hiyo ndio safari yenyewe, mengine ni nyongeza, tuliwaambia hivyo tangu mwanzo. Tumefika shule moja ya msingi nje ya mji, watoto wametupangia mstari wanaimba, tumepewa brashi, tumeonyeshwa ukuta. Ukuta mzuri, msafi, hauna hata ufa. Binti yangu mmoja akakwangua kidogo kwa kucha akaniita, kiongozi njoo uone, chini ya rangi ya bluu kuna kijani, chini ya kijani kuna bluu nyingine.

Nikamfuata mwalimu mkuu, mama mmoja mpole sana, nikamuuliza kwa adabu tu, mama huu ukuta unapakwa lini na lini? Akacheka kwa aibu. Akasema wageni wanakuja na rangi, na yeye hawezi kumkatalia mgeni, maana akimkatalia na madaftari wanayoacha hatayapata. Nikauliza wewe ungepewa siku moja na vijana 14 wenye nguvu ungefanya nini. Hakufikiria hata sekunde, akanishika mkono akanipeleka kwenye bomba la maji la kupampu kwa mkono. Maji yanayomwagika hayana pa kwenda, limekuwa dimbwi, ng'ombe wanakanyaga humo humo na watoto wanachota humo humo. Na vyoo viko hatua chache, hakuna pa kunawa.

Basi tukarudisha brashi. Yule kijana wa ofisi aliyekuja kutupiga picha alikasirika kabisa, anasema programu ni kupaka rangi, na rangi imeshalipiwa. Nikamwambia iacheni stoo. Madala bila kuongea akafungua kabati la lori akatoa sululu na koleo za kujikwamulia kwenye matope, mbili tu, nyingine tukaazima kwa majirani. Nusu ya kundi wakachimba mtaro kutoka bombani mpaka shimo walilolijaza mawe, maji yanazama taratibu, wanaume wawili wa kijiji wakaja wenyewe wakatusahihisha mteremko maana sisi tulikuwa tunaupeleka kubaya. Nusu nyingine wakatengeneza vibuyu chirizi sita karibu na vyoo, nguzo mbili, fito juu, dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyaga, kila mtoto wa shule ya msingi kwetu anavijua. Fundo zote zile tunazofundishana kila Jumamosi hadi wanachoka, siku hiyo zilipata kazi. Tumemaliza jua linazama, tumechafuka hatutamaniki, gharama yake haikufika dola 20 kwa kundi zima, yaani madumu na kamba tu. Sasa zile 25 mara 17 zilikwenda wapi? Niliuliza kwa maandishi, nikajibiwa "gharama za uratibu".

Baada ya hapo Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, daraja la mita 923 lililofunguliwa 2021, limepinda katikati lisiingie Zimbabwe, zamani ilikuwa pantoni. Upande wa Botswana mnashuka wote mnakanyagisha viatu kwenye dawa, kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, na nyama mbichi haiingii, ya kwetu kilo nne ilibaki hapo, mpishi alishasema tangu asubuhi tuipike yote, ofisi ikamwambia hakuna shida. Pia waliulizia barua za wazazi kwa walio chini ya miaka 18 na vyeti vya kuzaliwa. Kampuni haikututajia, tulikuwa nazo zimegongwa muhuri wa wakili kwa sababu sisi skauti kaulimbiu yetu ni Uwe Tayari, kundi lingine lingelala mpakani. Boti ya mto Chobe jioni sielezei, tembo wanaogelea mkonga juu, watoto walinyamaza kimya dakika 10, na hawa hawanyamazi.

Matobo, Zimbabwe, kusini ya Bulawayo, kulitukuta na baridi. Ofisi walisema Julai ni "baridi kidogo", jamani asubuhi hema lina ukungu mweupe kama freza, watoto wa Temeke wanatetemeka na skafu wamejifunga kichwani. Blanketi za lori hazitoshi, bebeni zenu nzito. Lakini mahali penyewe kwa skauti ni lazima. Milima ile ya mawe yaliyobebana ndiko Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikojifunza upelelezi wa porini mwaka 1896 kwa Burnham, mpelelezi Mmarekani, wakati wa vita ya Waingereza na Wandebele, na pembe ya tandala aliyoipuliza kwenye kambi ya kwanza ya skauti, Brownsea Uingereza 1907, ilitoka vita hiyohiyo ya Matabele. Mtembezaji wa pale, Mndebele, alisema yote bila kupaka mafuta, kwamba babu zake walikuwa wanapigania ardhi yao na huyu mzee wetu alikuja kama askari wa upande wa pili, na kwamba chifu Uwini alipigwa risasi kwa amri yake. Usiku motoni watoto walibishana mpaka saa tano, wengine wanasema tutoe picha yake ofisini kwetu, wengine wanasema mbona alizikwa Nyeri si Uingereza, alitupenda. Sikuwakatisha. Huyo mtembezaji alilipwa na kampuni, hiyo pointi nawapa.

Kurudi ni Harare, Chirundu, Lusaka, kulala garini tu.

Lori, Madala, mpishi, usalama: tano. Karatasi na maelezo kabla ya safari: mbili. Juzi wamenitumia bei za mwaka kesho na ile laini ya kujitolea bado ipo, imepanda dola 30. Nimeikata kwa kalamu nikawarudishia, nimeandika pembeni mwalimu mkuu tunawasiliana naye wenyewe, anataka uzio wa bustani, nyie tuleteeni Madala na sululu nne.